Bao, daladala, hadithi au dau: wazo gani la gemu mpya likae NES, gani Game Boy, gani Mega Drive?

Kila tunapokaa kupanga gemu mpya ya kutengeneza wenyewe kwa ajili ya mashine ya zamani ya gemu, mabishano huanzia pale pale: mashine ipi ni bora? Aliyekulia kwenye gemu za kaseti, zile za kuchomeka nyuma ya televisheni ya sebuleni, anapigania NES. Mwenye kaka aliyemletea Game Boy kutoka safarini hasikii la mtu. Wa tatu anaitaja Mega Drive kwa sababu ya muziki wake. Chai inapoa, usiku unaingia, na hakuna hata kigae kimoja kilichochorwa.

Swali hilo halina jibu. Kila mashine ya zamani ina ila yake, na ila hiyo haiponi, kwa kuwa ilichomelewa humo tangu kiwandani. Kwa hiyo mimi naanzia upande wa pili: shika wazo kwanza, kisha litafutie mashine ambayo ila yake hailigusi wazo lenyewe. Mashine inayofaa bao inaweza kuwa balaa kwa dau, na yote mawili yakawa mawazo mazuri.

Nitapima mawazo manne yanayorudi mezani kwetu kila mara: bao la kiswahili, mbio za daladala, hadithi ya kusoma na kuchagua njia, na dau linalosafiri kwa kusi na kaskazi. Mashine nazo ni nne, na hizi ndizo namba za kuziweka pembeni unapofikiri:

| | Atari 2600 | NES | Game Boy | Mega Drive |
|---|---|---|---|---|
| Ilianza kuuzwa | 1977 | 1983 (Japani, kwa jina la Famicom) | 1989 | 1988 |
| RAM (kumbukumbu ya kazi) | baiti 128 | baiti 2,048 | baiti 8,192 | baiti 65,536 |
| Skrini kwa pikseli | huchorwa mstari kwa mstari | 256 × 240 | 160 × 144 | 320 × 224 |
| Spraiti | 2, na makombora 2 na mpira 1 | 64, mwisho 8 kwa mstari | 40, mwisho 10 kwa mstari | 80, mwisho 20 kwa mstari |
| Rangi | mstari mmoja hubeba chache sana | hadi 25 kwa pamoja | vivuli 4 | paleti 4 za rangi 16 |
| Zana za kuanzia | batari Basic | cc65 na neslib | GB Studio | SGDK |

Maneno mawili ya kuelewana. Kigae ni mraba wa pikseli (nukta za skrini) 8 kwa 8. Mandhari ya NES, Game Boy na Mega Drive hupangwa kwa vigae kama sakafu ya nyumba. Spraiti ni kipicha kinachoelea juu ya sakafu hiyo: mchezaji, adui, mkono unaochagua. Namba ya kuiogopa ni ile ya "kwa mstari". NES ikikuta spraiti ya 9 kwenye mstari mmoja wa skrini, haiichori. Haigandi wala haitoi onyo. Kitu kinapotea tu mbele ya macho ya mchezaji.

Atari 2600 naiweka kando mapema, kwa heshima zote. Haina kumbukumbu ya kuhifadhi picha, hivyo programu yako lazima ilishe kila mstari wakati ule ule televisheni inapouchora. Ni shule kubwa kwa anayetaka kujua televisheni za zamani zilivyofanya kazi. Ila kwa mtu mwenye wazo la gemu moyoni, miezi yake ya kwanza yote itaishia kwenye kuchora tu, na wazo litakuwa bado halijaguswa.

Bao

Bao ndilo wazo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Bao la kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete 64. Kwa mtengenezaji wa gemu huo ni utajiri. Hali yote ya mchezo inaingia kwenye baiti 32 za mashimo, baiti 2 za kete zilizobaki mkononi wakati wa namua (awamu ya kwanza, kete zinapoingizwa ubaoni moja moja), na alama chache za kukumbuka kama nyumba (shimo maalumu) ya kila mmoja bado ipo na zamu ni ya nani. Hata Atari inaweza kulibeba bao kichwani. Inaposhindwa ni kwenye kuwaza. Kompyuta inayotafuta mchezo wa kucheza huhitaji nakala ya ubao kwa kila hatua ya mbele inayoijaribu. Hatua 4 za mbele ni baiti 136, na Atari ina 128 kwa kila kitu. NES yenye 2,048 wala haihisi uzito.

Kuna mtego mmoja mtamu kwenye NES. Kete ni 64, na spraiti za NES ni 64. Mtu akiziona namba hizo anaruka: kila kete spraiti yake! Usithubutu. Safu moja ina mashimo 8. Weka kete 2 tu bega kwa bega katika kila shimo, tayari una spraiti 16 kwenye mstari mmoja, na nusu yake hazitaonekana. Kete zichorwe kama sehemu ya mandhari, kwa vigae. Spraiti ziachie mkono wa mchezaji na ile kete moja inayoruka kutoka shimo hadi shimo.

Ukubwa wa shimo nao una hadithi yake. Skrini ya NES ina upana wa pikseli 256, na 256 kugawa kwa 8 ni 32. Inapendeza, kwa sababu NES hugawa rangi za mandhari kwa vipande vya pikseli 16 kwa 16, na baiti moja ya rangi husimamia eneo la 32 kwa 32. Shimo moja, baiti moja: unaweza kuliwasha shimo lolote kwa rangi tofauti bila kumwagia jirani. Tatizo ni kwamba ubao huo unagusa kingo zote mbili za skrini, na televisheni nyingi za zamani hukata kingo. Kete za kichwa, lile shimo la mwisho la pembeni, zingeliwa na fremu ya televisheni. Mimi ningechukua mashimo ya pikseli 24: ubao unakuwa na upana wa 192 na unaachiwa nafasi ya 32 kila upande. Gharama yake ni kwamba 24 haiendani na vipande vya 16, kwa hiyo huwezi tena kuliwasha shimo moja kwa rangi. Hapo mkono wa spraiti unaokoa. Unasimama juu ya shimo lililochaguliwa, na ubao wote unabaki na rangi moja ya mbao.

Kwenye Game Boy mashimo yanakuwa ya pikseli 16, ubao una upana wa 128, na pembeni panabaki 16 kila upande. Ndani ya 16 kwa 16 unaweza kuchora kete 6 zikaonekana vizuri. Zaidi ya hapo andika namba. Watu husema vivuli 4 vya kijivu ni umaskini, lakini komwe zenyewe ni za kijivu. Mbao, kivuli cha shimo, komwe, na mwanga mdogo juu ya komwe: vinne vimetosha. Kwa uzuri wa picha Game Boy haipotezi chochote hapa.

Bado bao nalipeleka NES, na sababu haiko kwenye chipu. Bao huchezwa na wawili wakizungukwa na wanaotazama. Yule mzee aliyesimama nyuma na kusema "hapo umeliwa" kabla kete haijatua ni sehemu ya mchezo. NES ina pedi mbili na televisheni inayoonekana na chumba kizima. Game Boy inabidi mpokezane mkononi, au mtafute mashine mbili, kaseti mbili na waya wa kuziunganisha, na waya huo leo ni wa kuutafuta kwa tochi. Kama unajitengenezea mtu anayecheza peke yake na kompyuta akiwa kwenye basi, hapo Game Boy inashinda. Kama unatengenezea baraza, NES.

Sauti usiidharau. Chaneli ya kelele ya NES ikipigwa kwa muda mfupi sana hutoa mlio mkavu wa kete ikigonga mbao. Tupa kete moja kila baada ya fremu 8, yaani kila skrini inapochorwa mara 8, mlio mmoja kwa kila kete, na mchezaji atalisikia bao kabla hajaliona. Weka kitufe cha kuharakisha, maana mtaji (zamu ya kula) mrefu unaweza kuzunguka ubao mara nyingi. Na weka kikomo cha mizunguko ndani ya programu, ili mchezo usiokwisha usiifungie mashine.

Tena anza na bao la kujifunza, lile la kete 2 katika kila shimo tangu mwanzo. Hakuna namua, hakuna kesi za nyumba. Likishatembea vizuri, ndipo uongeze bao lenyewe: 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayoifuata kulia, na 22 mkononi kwa kila mchezaji. Sheria za nyumba na za kutakata (kucheza bila kula) peke yake zitakula muda kuliko picha zote.

Daladala

Hili ndilo wazo ambalo kila mtu hulipenda na ndilo linalovunja watu moyo. Barabara, magari, abiria wanaokimbilia mlango, trafiki mbele, pikipiki zinapenya katikati. Kwenye karatasi ni gemu nzuri kuliko zote.

Ipige hesabu kwenye NES. Gari moja linaloonekana kwa juu, upana pikseli 16 na urefu 32, linahitaji spraiti 4 za 8 kwa 16, na kila mstari unaolipitia unakuwa na spraiti 2. Magari manne yakilingana, mstari umejaa. Pikipiki ikiingia katikati, kitu kinapotea. Kuna mbinu ya zamani ya kubadilisha mpangilio wa spraiti kila fremu ili zipokezane kupotea, na matokeo yake ni ile kumetameta tunayoikumbuka kwenye gemu nyingi za kaseti. Kwenye gemu ya kupiga risasi macho husamehe. Kwenye gemu ya kukwepa magari, gari linalometa ni gari ambalo mchezaji hakuliona, naye atalia kwamba ameonewa, na atakuwa na haki.

Game Boy inaruhusu 10 kwa mstari, lakini skrini yake ni ndogo. Barabara ya njia tatu na stendi yake haienei. Mega Drive ndiyo kwao. Spraiti moja hufika pikseli 32 kwa 32, kwa hiyo gari zima ni spraiti moja, na mstari hubeba 20. Kichakataji chake, Motorola 68000, kinazidisha na kugawanya chenyewe, kitu ambacho cha NES na cha Game Boy haviwezi. SGDK inakuruhusu kuandika kwa lugha ya C bila kugusa asembli, lugha ngumu iliyo karibu zaidi na chipu. Gharama inakuja kwenye sanaa. Mara rangi zinapokuwa nyingi, mchoro hafifu hauna pa kujificha. Maandishi ya kioo cha nyuma, kutu ya mlango, vumbi la pembeni mwa barabara: vyote lazima mtu avichore. Kama kundi lenu lina mchoraji wa kweli, nendeni Mega Drive. Kama hamna, msiende.

Au mlikate wazo. Hili lilitujia baada ya kubishana sana, na kwangu limekuwa bora kuliko la kwanza: ondoa barabara yote, baki ndani ya gari. Wewe ni konda. Abiria wanapanda, kila mmoja na sura yake na kituo chake. Mmoja amelipa kamili, mwingine ametoa noti kubwa na anadai chenji, wa tatu ameangalia dirishani kama hajakusikia. Gari likisimama lazima ukumbuke nani hajalipa, nani anadai, nani alisema anashuka wapi. Mtu akisema "shusha!" ukachelewa, unapoteza. Ni gemu ya kumbukumbu na hesabu, viti havisogei, na kwa hiyo abiria wote wanaweza kuwa vigae. Kero yote ya spraiti imekwisha. Wazo hilo sasa linakaa Game Boy bila kubanwa, na skrini yake ndogo inageuka faida, maana ndani ya daladala nako kumebanana.

Hadithi

Hapa sina mjadala mrefu: Game Boy, kwa GB Studio. Programu hiyo aliianzisha Chris Maltby, ilitoka 2019, ni bure, na msimbo wake uko wazi. Unapanga vyumba na wahusika kwa kuburuta, unaandika mazungumzo, unabonyeza, inakupa faili la ROM, yaani gemu kama inavyokaa kwenye kaseti, linalocheza kwenye Game Boy halisi pamoja na toleo la kufunguka kwenye kivinjari cha simu. Mtu asiyejua kuandika msimbo hata mstari mmoja anaweza kuwa na sura ya kwanza ndani ya wiki. Kwa NES ipo NESmaker, lakini ni ya kununua, na mara nyingi utahitaji kugusa asembli ili gemu ifanane na ulichokusudia.

Ninachotaka kukizungumzia ni lugha. Kiswahili kina deni na zawadi kwa mashine hizi. Deni ni urefu wa maneno. Skrini ya Game Boy ina vigae 20 kwa upana. Toa fremu ya kisanduku, unabaki na herufi 18 kwa mstari. "Tutakapokutana" peke yake ni herufi 14. Mstari umekwisha kwa neno moja. Mtu akichukua mazungumzo yaliyoandikwa kwa lugha nyingine akayageuza, atakuta kila kisanduku kimejaa maneno yaliyoning'inia upande mmoja. Andika moja kwa moja kwa Kiswahili cha kusemwa, sentensi fupi, kama watu wanavyojibizana dukani: "Umemwona?" "Sijamwona." "Jana je?" Vitenzi vyetu vinabeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo ufupi huo haupunguzi maana.

Zawadi ni silabi. Kiswahili hakihitaji herufi zenye alama juu wala chini, na q na x hazitumiki, kwa hiyo alfabeti inachukua vigae vichache. Isitoshe, maneno yake hujengwa kwa silabi zinazojirudia: wa, na, ku, ta, ka, ni. Ukiipa kila silabi ya kawaida baiti yake moja, "tutakapokutana" inashuka kutoka baiti 14 hadi 7: tu-ta-ka-po-ku-ta-na. Kwenye Game Boy huhitaji ubanaji huo, kwa kuwa GB Studio hutumia kaseti yenye nafasi kubwa. Lakini mtu anayeng'ang'ania kuiweka hadithi kwenye NES, katika kaseti sahili ya kilobaiti 32 za programu, atashukuru. Sijui lugha nyingi zinazokubali kubanwa kwa njia nyepesi namna hii, na ningefurahi sana kuona mtu anaifanyia kazi.

Dau

Wazo lenyewe lina muundo uliokamilika kabla hujaandika chochote, kwa sababu bahari ilishauandika. Kaskazi huvuma kuanzia miezi ya mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, na kwa karne nyingi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Omani na Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ikigeuka, wanarudi. Mchezaji aliyechelewa kupakia boriti na karafuu atakutwa na upepo umegeuka, na atasubiri msimu. Hiyo ni saa ya mchezo ambayo haihitaji kuonyeshwa kwa namba juu ya skrini.

Watu huogopa hesabu ya upepo. Haina ugumu. Gawa duara kuwa pembe 16, na nguvu ya upepo kuwa ngazi 16. Pembe kati ya omo (mbele ya dau) na upepo, mara nguvu ya upepo, ni majibu 256, na 256 ndiyo idadi kamili ambayo rejista ya baiti moja inaweza kuifikia. Jedwali moja, baiti 256, na kila fremu unasoma tu mwendo wa dau. Jedwali jingine dogo linaugawa mwendo huo kati ya mashariki na kaskazini. Kwenye pembe zinazoelekea upepo unaweka sifuri au karibu nayo, na hapo mchezaji atajikuta anabisha, upande huu kisha upande ule, bila wewe kumfundisha kwa maandishi. Mwili wa dau unaoonekana kwa juu unahitaji michoro 5 tu. Zilizobaki ni kuigeuza spraiti kulia na kushoto, juu na chini, na mashine zote tatu zinaigeuza zenyewe. Tanga lichore peke yake, kwa sababu upande linapojaa unategemea upepo.

Kinachoamua ni bahari. Dau huenda pande zote, kwa hiyo ramani lazima itembee pande zote. NES ina kumbukumbu ya picha ya kutosha skrini mbili tu, ama bega kwa bega ama moja juu ya nyingine; ukitembeza ramani kulia na juu kwa wakati mmoja, ukingo mmoja huonyesha uchafu wa vigae na rangi zisizo zake. Kuna njia za kuuficha, na zote ni kazi ya mtu mzoefu. Game Boy ina ramani ya vigae 32 kwa 32 na inaonyesha 20 kwa 18 tu. Vigae vipya unavichora kwenye sehemu isiyoonekana, navyo vinaingia taratibu bila doa. Inayo pia tabaka la pili la skrini, linalokaa pale pale wakati ramani inatembea, na hapo dira na shehena vinakaa bila hila yoyote.

Halafu mawimbi. Kwenye Game Boy michoro ya vigae iko kwenye RAM, kumbukumbu unayoweza kuiandika upya. Bahari yote ikiwa imetandikwa kwa kigae kimoja, unabadilisha baiti zake 16 kila baada ya muda, na bahari nzima inapumua. Kwenye kaseti sahili ya NES michoro iko kwenye ROM na haibadiliki. Utabaki na kubadilisha rangi. Kwa dau, basi, Game Boy, na kama unataka maji ya buluu na mchanga mweupe lenga Game Boy Color ya 1998, ambayo humpa kila kigae paleti yake. Kwa gemu hii ni bora uandike C kwa GBDK-2020, maana ramani kubwa namna hii itaanza kugombana na vyumba vya GB Studio.

Itachezwa wapi

Watu huacha swali hili mwisho, nami naliona lina uzito kuliko wanavyodhani. Nyumba nyingi za Tanzania na Kenya hazikuwahi kuwa na NES yenye jina lake. Zilikuwa na nakala za Famicom: pedi mbili, bunduki ya plastiki, kaseti ya manjano au nyeusi yenye orodha ndefu ya gemu zinazojirudia. Baadhi bado ziko juu ya makabati, na zinawaka. Anayetaka gemu yake ichezwe kwenye mashine ile ile aliyochezea utotoni ana mambo matatu ya kuzingatia.

Kaseti hizo ni za pini 60, si 72 za NES ya Marekani na Ulaya. Pili, televisheni zetu zilifuata mfumo wa PAL, na nakala nyingi zilitengenezwa ziendane nao kwa fremu 50 kwa sekunde, si 60. Gemu iliyopangwa kwa 60 itatembea na kuimba kwa mwendo wa tano ya sita. Emuleta (programu zinazoiga mashine) za Mesen na FCEUX zina chaguo la Dendy, jina la nakala iliyouzwa Urusi, na hilo ndilo la kujaribia. Kwa bao mwendo huo hauna madhara. Kwa gemu ya kuruka na kukwepa unaharibu kila kitu. Tatu, baadhi ya nakala zimegeuza upana wa mawimbi ya sauti, hivyo ala uliyoichagua kwa makini inaweza kusikika nyingine. Usiitegemee sauti kumpa mchezaji taarifa ambayo macho hayaipati.

Tumia kaseti sahili, kilobaiti 32 za programu na 8 za picha. Si kidogo. Micro Mages ya Morphcat Games, iliyotoka 2019, iliingia humo humo pamoja na uchezaji wa watu wanne.

Game Boy haina habari hii ya PAL wala pini. Mwendo ni mmoja dunia nzima, kaseti ni moja, na emuleta zake zinakwenda hata kwenye simu ya bei ya chini. Kwa anayetaka wachezaji wengi kwa haraka, hilo peke yake linaweza kufunga mjadala. Mega Drive nayo inachezeka vizuri kwenye emuleta, lakini kumpata mtu mwenye mashine halisi mtaani ni kazi.

Kwenye kundi letu, baada ya kuyapima hivi, tumegawana. Aliyependa daladala amechukua konda na GB Studio. Ameshaorodhesha abiria 12 na kila mmoja na tabia yake kuhusu nauli. Dau linasubiri mtu wa GBDK. Mimi na mwenzangu tuna bao la kujifunza kwenye NES, na wiki hii kazi ni shimo moja tu: pikseli 24 kwa 24, likiwa tupu, likiwa na kete 1, 2, hadi 6, halafu namba. Tutalitazama kwenye televisheni ya zamani ya nyumbani kwao, kutoka umbali wa mkeka, tuone kama mama yake anaweza kuzihesabu kete bila kusogea.